Jiwe Nililosema Nimelipima

Kazi yangu ni kupasha mwamba moto. Naifanya ng'ambo, ndani ya handaki, mahali wanapotafuta namna ya kuzika taka za nyuklia. Taka zenyewe hazijafika bado. Tunatoboa mwamba, tunaingiza vyuma vya umeme vyenye joto kama la taka hizo, halafu tunasubiri miaka. Vyombo vingine vinapima joto, vingine vinasikiliza kama mwamba unaanza kupasuka. Adui mkubwa ni maji yaliyojificha ndani yake, maana yakipata moto hutanuka kuliko jiwe lenyewe.

Nilipoeleza hayo likizoni, nyumbani Kasenga, majirani walicheka. Mmoja akasema kumbe nimesoma miaka yote hiyo ili nipike mawe. Mama hakucheka. Alinitazama kwa jicho lake moja, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Lile jicho la pili nililiharibu mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Figa moja lilikuwa limevunjika, mama akanituma mtoni Kalimabenge nikatafute jingine. Kwetu jiwe la mtoni halibebi sufuria siku hiyo hiyo, kwa sababu lina maji tumboni. Unaliwashia moto uani, peke yake, unakaa mbali, na likinyamaza mpaka lipoe ndipo linaingia jikoni. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba. Nililipangusa kwa gauni langu, nikamwambia mama nimeshalipima.

Nilikuwa ndani ya nyumba, nimetumwa chumvi, niliposikia mlio. Kipande kimoja kilimpata jichoni.

Hakuniuliza kitu, siku ile wala baadaye, na mimi sikusema. Nadhani ndicho kilichonipeleka kusoma mawe, ingawa kwenye fomu ya chuo niliandika sababu nyingine, nzuri zaidi. Kila nilipompigia simu niliona aibu, tukaishia kuongea habari za mvua.

Mchana ule, majirani walipoondoka, nilimwambia.

"Mama, ile jiwe sikuipimaka. Nilikudanganya."

"Minye najua," akasema. "Ilianza kulia chini ya sufuria, nikasikia."

Nilikasirika. Miaka yote hiyo nimebeba mzigo, kumbe mwenzangu anajua na amekaa kimya. Nikamuuliza, kwa sauti isiyo ya adabu sana, "Sasa juu ya nini hukukimbia?"

"Weye ulikuwa umeikala karibu yake. Ningepiga kelele, ungeshituka, ungebaki palepale unaiangalia. Nikakutuma kwanza chumvi. Kisha nikainama nishushe sufuria, hakukuwa chakula ingine."

Akaongeza majani kwenye kinu. Sombe ya siku ile ya jiwe nilikuwa nimeionja kabla ya kutumwa, sasa nakumbuka. Ilikuwa imeshatiwa chumvi.