Bomba la Kuazima

Zamani, aliyetaka kusafiri na watu kutoka Tabora alitazamwa mabega, kama yatabeba mzigo hadi pwani. Siku hizi anapimwa moshi unaotoka nyuma ya gari lake.

Masanja hakuwa na mabega ya kutazamwa. Alikuwa na Corolla ya kijivu, kapelo, na wateja wawili ambao madereva wenzake wa mtaa wa Mtendeni walimwonea wivu: Mzee Kanji, muuza vitambaa aliyefunga duka kwa uzee, na mkewe, Mama Kruti. Aliwapeleka hospitali, hekaluni na sokoni, miaka nenda miaka rudi. Mzee Kanji alizaliwa Bukene, katika duka la baba yake karibu na stesheni, na Kinyamwezi chake kilinyooka kuliko cha Masanja, aliyeanza kukisahau tangu ajifunze kusema "oya, mwanangu" kama vijana wa Dar.

Kifua cha mzee kilipoanza kubana, aliomba jambo moja tu: alione tena lile duka la Bukene akiwa bado na pumzi. Mwanawe Hardik akapiga simu kutoka Dar.

"Anko Masanja, daktari amekataza moshi kabisa. Kapime gari. Likifaulu, wapeleke wewe. Likishindwa, nitakodi jingine."

Mjini kulikuwa na gereji mpya yenye mashine ya kupimia moshi. Binti aitwaye Julieth akachomeka mrija kwenye ekzosi, akatazama kioo cha mashine, akaziba pua.

"Baba, gari limefeli."

"Limefeli vipi? Injini haigongi hata kidogo!"

"Injini sijaiuliza kitu. Ekzosi yako haina masega."

Masega, kile kichujio kinachokaa ndani ya ekzosi, Masanja aliyauza mwenyewe, tena kwa furaha. Walipita wanunuzi wageni na mizani yao, wakawaambia madereva kwamba masega yanalibana gari pumzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu avuke nusu ya nchi kuja kununua takataka. Mababu waliotoa pembe za ndovu wakapewa shanga tunawacheka mpaka leo. Masanja alitoa masega akapata spika mbili kubwa za redio, na hakuchekwa na mtu, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeuza.

Fundi Ezekia, aliyeyang'oa masega hayo kwa mikono yake, aliipokea habari kama mganga aliyekwisha kuzika wengi.

"Usihofu, kamanda. Lipo bomba."

Bomba lenyewe lilitoka kwenye gari lililopinduka, na masega yake yalikuwa mazima. Ezekia hakuliuza, aliliazimisha. Ilikuwa kama suti ya harusi ya mtaa, ambayo leo anaivaa mnene, kesho mwembamba, na wote wanaonekana mabwana. Gari lililokwenda kupimwa lilivishwa bomba, likapimwa, likavuliwa. Julieth alilitazama, akamtazama Masanja, akagonga muhuri. Bomba lile alikwisha kulizoea kama jirani.

"Si uniachie hili hili?" Masanja aliuliza waliporudi kwa Ezekia.

"Kuna mwenzako anasubiri."

"Lakini mzee wangu ana kifua."

"Kwani cheti unacho au huna?"

"Ninacho."

"Basi gari ni zima. Ingia ndani ulisogeze hapa."

Njiani kwenda nyumbani Masanja aliwaza kuziuza zile spika akajinunulie masega yake. Aliwaza mpaka wimbo ulipoisha.

Zamani dereva hakuwa na cheti. Alikuwa na jina lake tu, na kwa jina hilo watu walimpa wazazi wao awasafirishe. Hardik alitumiwa picha ya muhuri, akajibu kwa kidole gumba.

Wakatoka alfajiri kwa barabara ya Mambali, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Mzee Kanji alikuwa amevaa koti lake zuri. Lakini Ezekia alikuwa ameirudisha ile ekzosi ya zamani kwa haraka, ameifunga kwa waya, na kabla ya Mambali moshi ulianza kupanda kutoka chini, miguuni mwa wazee. Mzee akakohoa. Akakohoa tena, akashika kiti cha mbele.

"Masanja, nini hiki?" akauliza Mama Kruti.

"Vumbi, mama."

"Vumbi la barabara hii nimelila tangu niolewe. Halinuki mafuta."

"Mama, gari limepimwa. Cheti hiki hapa, kina muhuri."

Mzee Kanji akapata pumzi kidogo. "Mpe Mama Kruti hicho cheti," alisema, "anipepee nacho."

Masanja akasimamisha gari, Mama Kruti akakichukua cheti, akafungua mlango, akampepea mumewe kando ya njia mpaka midomo ilipopata rangi. Kisha akasema neno moja: "Geuza." Wakarudi Tabora vioo wazi, vumbi tupu, na Bukene hawakuiona.

Mara ya mwisho Masanja kuwaona ilikuwa juma lililofuata, kwenye njia panda ya kutokea mjini. Walikuwa ndani ya gari jeupe la kukodi, na dereva wake amevaa tai. Mzee Kanji alikuwa ameshusha kioo, anakula hewa ya asubuhi. Masanja alikuwa ameegesha pembeni na kusimama nje, injini inaunguruma nyuma yake.

"Shikamoo, baba!"

Mzee akageuka, akafungua mdomo ili aitikie. Mama Kruti akapitisha mkono mbele yake, akapandisha kioo.