Jibu la Juu Kabisa

Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini pale mjini Kayanga ukiuliza nani alileta kompyuta za watu kukaa na kusoma intaneti, utaoneshwa duka langu. Nililijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na wenye digrii wanakuja kuniomba niwachapie barua. Nasema haya ili ujue kwamba nilichoharibu, nilikiharibu nikiwa na akili zangu zote.

Mwaka ule mama yangu, kule Nyakatuntu, aliona migomba yake inanyauka. Mjukuu akaandika swali kwenye simu. Jibu la juu kabisa likasema migomba ina kiu, iongezwe maji na samadi. Mama akafanya hivyo na kuendelea kukatia majani kwa panga lile lile. Kumbe ni ugonjwa, na panga ndilo lililokuwa linaubeba. Nusu ya kibanja, shamba lake la migomba, ikaoza.

Kwa hiyo alipofika dada mmoja wa mradi wa kilimo, akitafuta mahali pa kufanyia dodoso la kupima majibu ya mtandaoni, nilimwambia hapa ndipo. Wakulima wangesoma swali, wangesoma jibu, kisha wangetoa alama, moja kwa jibu baya, tano kwa zuri. Jibu likipata alama za chini litashushwa. Swali la migomba nililiingiza mwenyewe. Sikutaka kingine.

Dada aliniachia masharti: kila mpimaji akae peke yake, asijue kazi ni ya nani, asishawishiwe. Nikacheka moyoni. Huyu anifundishe watu wangu?

Nikawaita wapimaji wote siku moja, wa Songambele, wa Nyakatuntu, wa pale mjini. Nikawapangia viti, nikapitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna kama nyumbani kwangu, nikasimama mbele.

"Hii kazi ni yangu," nikawaambia. "Msiniangushe."

Wakapiga makofi. Wakatafuna, wakasoma, wakabonyeza. Nilijiona mkubwa sana siku ile.

Wiki iliyofuata dada akapiga simu.

"Kaka, watu wako wametoa tano kila mahali."

"Kwani vibaya?"

"Tulichomeka jibu bovu makusudi. Swali ni bei ya kahawa, jibu ni ratiba ya mpira. Nalo wamelipatia tano. Hatuwezi kutumia hata alama moja."

Nikapanda bodaboda hadi Songambele, kwa mama mmoja mpimaji ambaye najua migomba yake haijawahi kuugua. Nilimkuta akipalilia.

"Shikamoo mama. Lile jibu la kuongeza maji, ulilionaje?"

"Marahaba. La kijinga, mwanangu! Mgomba ukiugua unaukata, na panga unalipitisha motoni kabla hujagusa mwingine. Hata mtoto anajua."

"Sasa mbona ulilipatia tano?"

Akaniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa.

"Waitu, mwanangu, umenikaribisha, umenipa kahawa, umesema kazi ni yako. Nile kahawa yako halafu nikupe moja mbele za watu? Mimi sikulelewa hivyo."

Hata mimi sikulelewa hivyo.

Nikampigia dada, nikamwomba turudie. Nikamwambia safari hii nitawaweka mmoja mmoja, kahawa hakuna, nami nitatoka nje. Nilibembeleza, mimi ambaye sijawahi kumbembeleza mtu. Akasema pole kaka, dodoso limefungwa, wilaya zetu zimeondolewa, majibu yatapimwa na watu wa kwingine. Sijui kama hao wamewahi kushika mgomba.

Juzi ameingia dukani baba mmoja kutoka kijijini, kofia mkononi, akitaka achapishiwe ukurasa aliokuwa akiusoma kwenye simu. Niliutambua kabla hajamaliza kuusoma. Ni lile jibu la maji na samadi, bado liko juu kabisa, pale pale.

"Mzee wangu, hilo si kweli. Kata uliougua, choma panga. Usimwagilie."

"Wewe umesomea kilimo wapi?"

"Sijasomea."

"Na hawa walioandika?"

Nikamwambia simchapishii, nikamsimulia ya mama yangu tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akavaa kofia yake. Kisha akavuka barabara, akaingia duka la jirani, na nikaisikia mashine yao ikianza kuchapa.