Sebule ya Rangi ya Tende

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika sindano wala mkasi. Msimamizi wa karakana alinikalisha kwenye kigoda, akatandaza kitambaa cheupe mapajani mwangu, kisha akachukua dele la kahawa waliyokuwa wakinywa mafundi na kudondosha tone moja juu yake. Akamimina kahawa kikombeni, akatia maji kidogo, akadondosha jingine pembeni. Akatia maji tena. Nikadhani mzee ana wazimu, na mimi nimeletwa na mjomba wangu kufanya kazi kwa mwendawazimu.

"Binti, waona rangi gani hapo?"

"Kahawia, mwalimu."

"Kahawia ngapi?"

Akawageukia wenzake akacheka. "Huyu kaja kupamba sebule za watu, na hajui hata rangi ya kitu anywacho kila asubuhi."

Karakana ile ilikuwa Changamwe, kando ya njia ya malori, na vumbi lilikuwa likiingia hata ndani ya kopo la pini. Tulitengeneza makochi na kushona mapazia. Nilijifunza kukaza mikanda ya chini ya kiti, kukata sponji bila kuiacha na meno, kutia bitana, yaani kitambaa cha nyuma kinacholilinda pazia na jua, na kupanga mikunjo ya pazia ili ianguke sawasawa. Hayo hujifunza yeyote mwenye mikono. Rangi ndiyo iliyokuwa shule yenyewe, na Msimamizi hakutaka tuiite kahawia wala hudhurungi tukaishia hapo. Kwake kulikuwa na kahawa tungu isiyotiwa sukari, tende, ukwaju, halua, sukari guru, na chai ya maziwa. Ukimletea kitambaa ukasema "hiki cha kahawia", alikurudisha nacho dukani, jua la saa saba lisimhusu.

Alikuwa na kanuni zake, nami nazisema hapa kwa sababu sijasikia kijana yeyote wa leo akizisema. Rangi nzito hukaa chini, kwenye zulia na miguu ya viti. Ya katikati hukaa kwenye makochi. Nyepesi hupanda ukutani. Na rangi mbili zinazokaribiana zisikae bega kwa bega, maana zikikaa hivyo zinamezana, na mtu akiingia haoni kiti kinaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ukiweka kochi la tende, ukuta uwe chai ya maziwa. Ukiweka zulia la kahawa tungu, ukingo wake uwe halua. Kisha usimalize kazi mchana. Ngoja magharibi, taa iwashwe, ndipo utazame, kwa sababu nyumba zetu zina madirisha madogo na watu hukaa sebuleni jioni, si adhuhuri.

Siku moja nilichagulia nyumba moja ya Bofu, kule Likoni, kitambaa cha ukwaju, na kabla sijakikata Msimamizi akanilazimisha kuvuka feri nacho na kwenda kukining'iniza ndani kwa yule mama, nikae mpaka adhana. Taa ilipowashwa ule ukwaju ukawa mweusi kama masizi. Mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, wataka nikae matanga na sijafiwa?" Tukacheka sote, nikarudi nacho. Hivyo ndivyo kazi ilivyokuwa. Kitambaa kilikwenda kwanza nyumbani kwa mtu kama mchumba anayekwenda kutazamwa.

Msimamizi alipofariki karakana haikudumu. Nikapata kazi katika hoteli moja ya Shanzu, chini ya Mkuu wa Usafi na Vyumba, mama wa bara mwenye sauti ya kuamsha waliolala. Tulimwita Bi Mkuu, na nilimwogopa mwaka mzima kabla sijampenda. Alinipeleka kwenye ukumbi wa kupumzikia wageni, uliokuwa na viti vya kila rangi kama soko la mitumba, akaniambia, "Wewe mama wa Kisauni, hii ukumbi nataka ikae kama nyumba ya mtu. Mgeni akitoka kwa jua, macho yake ipumzike. Utaweza ama nitafute mwingine?"

"Nitaweza, inshallah."

"Mimi sikuuliza Mungu, nimeuliza wewe."

Niliufanya ukumbi ule wote kwa rangi zangu. Makochi ya sukari guru, mapazia ya halua yenye bitana nzito, kuta za chai ya maziwa, na mikeka ya ukindu uliotiwa rangi ya kahawa tungu na akina mama wa mtaani kwetu. Bi Mkuu alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Baada ya wiki akaniita. "Wageni wanalala kwa hizo viti zako mpaka chakula ya jioni inapoa. Sijui nikugombeze ama nikununulie soda." Akaninunulia soda. Katika maisha yangu ya kazi hiyo ndiyo siku niliyojiona nimefika.

Bi Mkuu alistaafu akarudi kwao. Hoteli ikapata Meneja Mkuu mpya, kijana wa viatu vyenye ncha, aliyezungukazunguka ukumbini na simu mkononi akiupiga picha. Hakuniuliza ni nani aliyeupamba. Alisema mbele yetu sote, "Hii ni rangi ya kaburi. Tunataka nyeupe na kijivu, mahali paonekane safi." Na kwa kuwa vitambaa vyenyewe vilikuwa bado vizima, niliamrishwa mimi kuyafumua mapazia ili yakatwe matambara ya kupangusia. Nilifumua mishono yangu mwenyewe, mmoja mmoja, kwa wembe. Sikulia, lakini sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe.

Baada ya hapo nikahamishiwa kwa dobi kushona pindo za taulo. Miaka yangu ya mwisho yote ilikwenda kwenye pindo za taulo. Nilipostaafu walinipa cheti, keki, na taulo mbili nyeupe, ambazo pindo zake nilizijua vizuri.

Imebaki sebule moja ya kuisimulia, nayo ni yangu mwenyewe, hapa Kisauni.

Mume wangu, Athmani, alikuwa karani wa ghala bandarini. Alipatwa na presha ya macho, ule ugonjwa unaoiba nuru polepole bila maumivu, na daktari akatwambia iliyokwisha kwenda hairudi. Alianza kutembea ndani ya nyumba yake mwenyewe ameunyoosha mkono mbele, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Alikuwa akikaa pembeni mwa kiti akaanguka, kisha akacheka ili nisione haya yake. Mimi nilikuwa nimestaafu, nina mashine yangu ya kushonea na kanuni za Msimamizi kichwani. Nikaamua kumtengenezea mume wangu chumba cha kuonekana.

Ndipo nilipoelewa kanuni zile zilikuwa za nini. Kiti chake nilikivika rangi ya tende na nyuma yake nikapaka ukuta chai ya maziwa, kiti kikajitokeza chenyewe. Sakafu niliitandika kahawa tungu, na kila ukingo wa zulia nikaushonea utepe wa halua wenye upana wa kiganja, ajue mwisho wake. Meza ilikuwa ya mvule. Nikaitandika kitambaa cheupe ili kikombe kisipotee. Mlango wa kwenda chumbani niliupaka ukwaju, fremu yake nikaiacha nyepesi. Dirishani nikatia pazia la bitana, kwa sababu mng'ao wa mchana ndio uliokuwa ukimuumiza zaidi. Nikangoja magharibi.

Alirudi kutoka msikitini, akavua viatu, akasimama mlangoni kitambo. Kisha akatembea moja kwa moja, mikono imeshuka, akakaa kitini mwake.

"Zuhura," akaniambia, "kiti nakiona."

Nimefanya kazi kwa watu wengi, na hakuna malipo yaliyowahi kuniingia moyoni kama maneno hayo. Alikaa na chumba kile mpaka siku zake zilipokwisha.

Alipofariki, viti vyote vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa, watu wakakaa chini kusoma hitma, kama ilivyo ada. Mimi nikaingia chumbani kukaa eda. Anayejua eda ya kwetu anajua: mjane hatoki, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, hajishughulishi na mambo ya watu. Matanga yakiisha viti hurudishwa ndani. Viti vyangu havikurudi.

Mwanangu Salim alikuwa amekuja kutoka ng'ambo, alikokuwa akifanya kazi, yeye na mkewe Mwanaisha. Ni mtoto mwema, na hilo ndilo linaloniuma, maana mbaya ningemfukuza. Niliposikia ngazi inaburutwa sebuleni na nikanusa rangi, nilimwita Mwanaisha.

"Abee, mama."

"Huko nje kwafanywa nini?"

"Salim ameleta mafundi, mama. Atengeneza sebule. Alitaka iwe shani, ya kukufurahisha utakapotoka eda."

"Mwambie aache. Hebu mwite aje mwenyewe."

Akaja, akakaa kitako mlangoni kwa adabu. Nikamweleza. Nikamwambia ukuta ule si ukuta tu, nimeupaka kwa macho ya babake, na viti vile vina sababu yake, kila utepe una sababu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema polepole, "baba hayupo tena. Ile rangi yatutia huzuni sote. Wewe pumzika, mambo ya nyumba tuachie sisi."

Ningewezaje kutoka? Mafundi walikuwa wanaume wasio maharimu wangu, wako sebuleni na ngazi zao. Nilikaa nyuma ya mlango wangu wa ukwaju, mimi niliyepamba nyumba za watu tangu usichana, nikisikiliza sebule yangu ikipakwa na watu nisiowajua, na siku mojawapo brashi ikafika kwenye mlango wenyewe. Rangi ilipita chini ya mlango ikachirizika upande wangu kidogo. Ilikuwa ya kijivu.

Siku ya kutoka eda wanawake wa mtaani walikuja, wakanikogesha, wakanivika nguo mpya, wakanitia udi. Mlango ukafunguliwa. "Mashallah, Bi Zuhura! Kama hoteli!" Walisema hivyo hasa, kama hoteli, na wakapiga vigelegele. Ukuta kijivu, makochi kijivu, zulia kijivu, mapazia mepesi yanayopitisha jua lote, na sakafu ya vigae inayong'aa. Nikatafuta mahali pa kukaa nisipaone. Ukungu ulikuwa umenianza machoni miezi kadhaa, nami nikidhani ni kilio. Niligonga goti kwenye kochi, nikashika hewa, na nikajikuta nimeunyoosha mkono mbele yangu, kama alivyokuwa akifanya Athmani kabla ya rangi zangu. Wale wanawake wakadhani nimezidiwa na furaha.

Daktari ameniambia ni kitu kilekile. Salim nilimwambia kwenye simu, maana amekwisha kurudi kazini kwake. Alilia, na anatuma dawa kila mwezi. Kupaka upya hajasema, nami sitamwomba. Niliomba mara moja nikiwa na macho.

Vijana wananiuliza kazi ilikuwaje zamani. Ilikuwa hivyo: ulitazama kwanza nani atakaa chumbani, na macho yake yakoje. Siku hizi wanatazama simu, kisha wanakuja na ndoo. Sina nasaha zaidi ya hiyo, na hata hiyo sidhani kama wataishika.

Katika sanduku langu nilikuta mabaki ya kitambaa cha tende, kipande cha kutosha mkono mmoja wa kochi. Nimekitandika hapo ninapokaa, ili nipaone. Mwanaisha, aliyebaki kunitunza, hukikunja kila asubuhi anapofagia na kukirudisha sandukuni. Jana nilimuuliza kwa nini.

"Mama, usinikasirikie, hicho kitambaa chaharibu rangi."

Nikamwambia, "Haya, mwanangu." Nikangoja aende jikoni, nikakitoa tena.