Ngazi ya Kwanza ya Mwanvita

Mpaka leo nikikumbuka zile alama nne kati ya kumi, damu inanichemka. Alama nne! Dada yangu Mwanvita, mwanamke aliyechimba mlima kwa jembe la mkono miaka kumi, kupewa alama nne na watu waliopanda kwetu Kinole kwa kushikilia migomba wasiteleze.

Naanza mwanzo, nisije nikaonekana mgomvi bure. Shamba lile tulilirithi kwa mama, naye kwa mama yake, kama ilivyo kwetu Waluguru. Ni mteremko mkali: ukiangusha chungwa juu, utaliokota kwa jirani. Mwaka ule wa mvua kubwa udongo ulishuka na mahindi yote na midalasini minne. Mimi nilikuwa nimeolewa Mikese. Nilipokuja kumpa pole, nilimkuta ameketi anakitazama kilima. Akaniambia atachimba ngazi, yaani yale matuta marefu yanayokata mteremko ili maji yatulie. Nilimcheka. Bibi yetu alituambia kwamba wakoloni waliwalazimisha watu wa milimani kuchimba ngazi hizo hizo, watu wakagoma. Leo mjukuu wake, aliyeishia darasa la nne, anajilazimisha mwenyewe!

Ngazi ya kwanza aliichimba chini kabisa, kwa kukadiria na macho. Ikapinda. Masika yalipoingia, maji yakakimbilia upande mmoja yakaibomoa. Akaijenga, ikabomoka tena masika hayo hayo. Mara ya tatu akapanga mawe, akapanda mananasi ukingoni, ikashika. Haikunyooka, lakini ilishika. Kiangazi kilichofuata akachimba ya pili juu yake, afadhali kidogo. Kufikia ya nne alikuwa amejifunza kupima kwa fito tatu zilizofungwa pamoja mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia katikati. Kila kiangazi ngazi moja. Mwaka aliougua hakuchimba, wala hakujilaumu. Ile ya tisa, ya juu kabisa, ukimwaga maji yanatulia pale pale.

Ndipo, mimi nikiwa nimesharudi kuishi Kinole, ukaja mradi mmoja unaotafuta mkulima wa kuwafundisha wenzake. Mwanvita si mtu wa kutamani vitu, lakini nafasi ile aliitaka. Nilijua kwa jinsi alivyofua kanga yake nzuri siku mbili kabla. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita mwalimu.

Akatangulia mtaalamu wao, Shukuru, kijana mwenye adabu, sitamsingizia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Akazunguka shamba, akabonyezabonyeza simu yake. "Hizi za juu ni nzuri sana, mama. Ila ya kwanza imepinda, na ya pili vilevile. Kamati inakuja baada ya wiki mbili, na fomu inataka ngazi zote zifanane. Zibomoe uzinyooshe, la sivyo..."

"La sivyo nini?" nikadakia.

"Sabra, tulia," dada akasema. Kisha akamgeukia kijana. "Mwanangu, hiyo fomu ina mahali pa kuandika nilianzia wapi?"

Alitafuta kwelikweli. "Hapana, mama. Inauliza hali ya sasa tu."

Niliwaka hasira, na hasira ikanipeleka nisikotakiwa kwenda. Siku tatu kabla ya kamati, Mwanvita alipokuwa gulioni, nilichukua jembe nikaanza kuinyoosha ile ngazi ya kwanza. Nilikuwa nimefika hatua sita, mananasi nimeyang'oa, mawe nimeyatupa kando, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Nakuokoa na aibu."

"Aibu ya nani? Umeniona naona aibu lini?" Akaweka kapu chini. "Ukiifuta hii, nikitaka kumwonyesha mtu panapokosewa, nitampeleka wapi?"

"Utaikosa nafasi, dada."

"Basi nitaikosa."

Akaikosa. Kamati ilisimama pale chini, ikaona ngazi iliyopinda, ikaandika nne, ikaondoka bila hata kupanda kuiona ya tisa. Wakamchagua Abdulswamad, mfanyabiashara wa karafuu, aliyeweka vibarua ishirini wakamaliza ngazi kumi ndani ya mwezi, zote zimenyooka. Sina ugomvi na Abdulswamad. Ugomvi wangu ni na watu wanaotazama pale mtu alipofika bila kuuliza alikotokea. Mtoto akianguka anapojifunza kutembea tunampigia makofi. Mtu mzima akianguka tunamkatia alama. Nani alitufundisha upuuzi huu?

Mafunzo yalifanyika baada ya masika, shambani kwa Abdulswamad. Wakaja wanawake wa vijiji vya chini na majembe yao. Walimuuliza waanzie wapi. Akawajibu, kwa moyo mweupe kabisa, watafute vibarua. Vibarua! Watu ambao hata chumvi wanaipima kwa kijiko!

Wakati wa kurudi, njia yao ilipita chini ya shamba letu. Mmoja wao, anaitwa Devotha, alisimama mbele ya ngazi ya kwanza.

"Jamani, mbona hii imepinda kama ya kwangu?"

Mwanvita alikuwa juu anapalilia. Alishuka, na hakupanda tena mpaka alasiri. Aliwatembeza ukingoni hatua kwa hatua, akiwaeleza: Hapa nilikadiria kwa macho. Hapa maji yalinishinda. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Wanawake walikuwa wanapiga magoti na kushika udongo. Mmoja akamwita mwalimu, na nilimwona dada yangu akigeuza uso kidogo.

Kisha wakafika kwenye zile hatua sita zangu. Masika yalikuwa yamezipasua na kuacha korongo la kuingia mbuzi mzima.

"Na hapa, mwalimu?" Devotha akauliza. "Hapa ulikosea nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miezi yote ile nilikuwa nimeilaani kamati kwa kutaka kufuta kazi ya dada yangu, na aliyeifuta kwa jembe ni mimi.

Mwanvita alinitazama, akaokota zile fito tatu alizoshuka nazo kuwaonyesha wageni, akanitia mkononi mbele ya watu wote.

"Hapo si pangu," akawaambia. "Hapo ni pa mdogo wangu. Ndiyo kwanza anaanza."