Kitabu Kisichojua Kumjulia Hali Mgonjwa

Jumla ya hasara: mtu mmoja, Jumamosi hamsini na sita, na sufuria ya uji ambayo haikuwahi kuwapo. Nimehesabu mara mbili.

Mtu mwenyewe alikuwa wa karatasi. Kila Jumamosi baada ya soko tunakaa wanne barazani kwa fundi cherehani mmoja wa Bigwa, tunacheza mchezo wa kusimulia. Kila mmoja ana mtu wake aliyemwandika mwenyewe, mwalimu wa baolojia anasimulia yanayowakuta milimani, na likija jambo gumu, dadu inaamua. Mimi, dalali wa nyanya na kabichi, nilikuwa na mchuuzi. Nilimlea mwaka na ushei, akafika mahali pa kumpunguzisha bei hata jini. Wa nne ni mama mmoja, nesi mstaafu. Tunamwamkia shikamoo kwanza, ndipo tunamwomba apigane na majoka.

Basi mwalimu akaja na kurasa alizochapisha kutoka kitabu cha kigeni: jedwali la magonjwa. Magonjwa kumi na mawili, kila moja mstari mmoja. Homa: nguvu pungufu mbili. Ukoma: haiba pungufu tatu.

"Mwalimu," nikamwuliza, "na mgonjwa anayebembelezwa kula hataki, kaandikwa wapi?"

"Hayo hayamo."

Hayamo! Mimi niliwahi kuugua taifodi Dumila, wiki mbili chumba cha kupanga. Nguvu zilipungua, sibishi. Lakini kilichonimaliza ni jirani aliyenihubiria mwarobaini kila alfajiri kama anasoma taarifa ya habari. Kitabu kinadhani ugonjwa ni ushuru wa geti: unakatwa, unapita.

Tukacheza. Mwindaji wa fundi cherehani akaipata homa, akalazwa kibandani kando ya mto. Kwa mujibu wa kitabu, wenzake wamwache hapo, wakatafute dawa upande wa pili wa mlima.

"Naingia," akasema mama. "Nina uji."

"Mama, inaambukiza," mwalimu akaonya.

"Nimesikia. Uji wa ulezi."

"Mama, wewe si nesi?"

"Miaka thelathini nimefukuza watu wodini. Nimestaafu, mwanangu. Niache niingie."

Nami nikaingia. Ulitaka nifanyeje? Mwenzio kalala, wewe unapita na safari zako? Mama yangu alipougua kule Matombo nilihesabu waliokuja kumwona siku moja: arobaini na mmoja. Nikarudia, arobaini na wawili. Mara ya kwanza nilijisahau. Kwa hiyo mchuuzi wangu akaketi kitandani, akamshika mgonjwa mkono, akalala hapo hapo siku tatu. Kila siku dadu: atakayepata moja, anakufa. Mwalimu alifuta jasho utadhani homa ni yake.

Mwindaji akapona. Mama hakuguswa hata na mafua. Mchuuzi wangu akafa siku ya tatu, kwa moja kavu.

"Kitabu kilitegemea mtamwacha," mwalimu akalalamika.

"Kitabu hicho hakina shangazi," nikamjibu.

Wiki moja baadaye akaja na tiba, eti turudishe simulizi nyuma. Nikikubali kwamba mchuuzi hakuingia, kwamba aliishia mlangoni akapunga mkono, anafufuka na mchezo unaendelea. Mama akasema ni hiari yangu. Fundi cherehani hakukataa. Alikata uzi kwa meno, akauliza tu:

"Kwa hiyo, kaka, tuandike kwamba hukuja?"

Jumamosi hii wanasubiri jibu langu. Namtaka mchuuzi wangu, siwafichi. Kulea mwingine mpaka awashinde majini ni mwaka mwingine na ushei. Basi nishaurini, nyie mliowahi kulazwa: mtu aliyeketi kitandani kwenu siku tatu, halafu akakana akasema aliishia mlangoni, mngemkaribisha tena barazani?