Lango Lililokataa Kuanguka

Ndani ya basi, hapa Buffalo, Marekani, tulikuwa wanne: dereva, ambaye ni Mmarekani mweusi mwenye mvi; mama wa kwetu Uvira aliyetoka zamu ya kutunza wazee; mfanyakazi wa ghala aliyelala; na mimi.

Tulipopita lango la mawe lenye nyasi tupu nyuma yake, mama alicheka.

"Donc hawa pia wameanzia ku mlango! Waziri akate utepe, bon, kazi isimame."

Kwetu viwanja vya michezo huanza hivyo, na mara nyingi huishia langoni. Nilimtafsiria dereva. Hakucheka.

"Mwambie uwanja ulikuwapo. Watu walijaa mle kutazama mpira wetu wa Kimarekani. Timu ilipohama, wakaubomoa. Lango wakaliacha. Baba yangu alikuwa mmoja wa mafundi waliolijenga."

Kituoni mama alimwendea dereva, akampa mkono wa kuume akiushikilia kwa wa kushoto, kama tunavyosalimu wakubwa.

"Papa, samahani. Kazi ya baba yako imekataa kuanguka."

Nilipomtafsiria, dereva alivua kofia. Tangu hapo, kila tulipolifikia lango alipunguza mwendo, naye mama aliinua mkono. Nimeona wakubwa wengi wakikata utepe. Sikumbuki fundi hata mmoja aliyeheshimiwa hivyo.

Jumatatu basi lilipita pale kwa kasi. Dereva alikuwa mwingine. Alituambia yule mzee amefariki.