Mbuzi Aliyekula Kuni

Kiwanda kilipouzwa, naye Severini akapunguzwa kazi, mwaka tisini na tatu, wenzake walifungua magenge ya nyanya au wakaenda kuuza mitumba stendi ya Msamvu. Yeye alitengeneza jiko la kuchomea nyama. Tuseme ukweli, alilitengeneza kwa miaka miwili, maana kila lilipokubali kuwaka alilifungua tena. Mimi jirani yake nilisikia nyundo hata Jumapili, na nilimtukana mara nyingi kupitia ua wa mabingobingo.

Lilikuwa pipa la lami lililolazwa, juu yake debe la kuni. Na kuni zenyewe si kuni. Severini alikanda unga wa mbao kwa uji wa muhogo, akaupitisha kwenye mashine ya mkewe ya kusagia nyama, akaanika vidonge. Mnyororo wa baiskeli, ukizungushwa kwa betri ya gari, uliviingiza motoni kimoja kimoja. Mwezi wa mwisho akaongeza bomba la moshi la Landrover, moshi ukatokee nyuma ya ua usiiguse nyama.

"Baba Godfrey," mkewe Lucy alimwambia, "sasa limebaki kuwekewa honi."

Ndipo Bi Furaha, mwenye mgahawa Msamvu, aliposema atakuja Jumamosi na mbavu zake za ng'ombe. Likichoma vizuri atalinunua na kuagiza mengine mawili. Likishindwa, Severini alikwishakubali kupanda milimani Mgeta akalime kabichi kwa shemeji yake Mikaeli, mtu asiyejua kunyamaza.

Jumamosi asubuhi Severini alikwenda kuoga. Aliporudi, mbuzi wa Lucy alikuwa amekata kamba na kuingiza kichwa kwenye gunia la vidonge, anatafuna cha mwisho. Uji wa muhogo ulikuwa umemnogea. Severini akakaa chini, taulo begani. Nilimchungulia kupitia ua. Siku hiyo nilimwonea huruma.

 Lucy alimfunga mbuzi upya, akachukua ufagio, akaingia bandani, akatoka na ndoo ya mavi ya mbuzi, makavu, mviringo, yote saizi moja. Akayamimina kwenye debe la jiko.

"Washa."

"Mama Godfrey, lakini haya ni..."

"Nayajua, mimi ndiye ninayeyafagia. Washa, mgeni huyo anapiga hodi."

Mnyororo haukuwahi kwenda vizuri vile. Vidonge vya uji vilikuwa vikikwama; hivi viliteleza vyenyewe. Moshi wote ulikuja kwangu, nikakohoa bila kulalamika.

Bi Furaha alimaliza ubavu wa kwanza, akashika wa pili. "Kuni hizi unazitengeneza kwa mashine gani, kaka?"

Severini akamtazama mkewe. Lucy akaonyesha kwa kidevu. "Ile pale, imefungwa kamba."

Bi Furaha akaacha kutafuna. Akamtazama mbuzi, akalitazama bomba linavyopeleka moshi mbali na nyama, kisha akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Nachukua jiko," akasema, "na hiyo mashine."

"Jiko ni la fundi, ongea naye," Lucy akajibu. "Mbuzi ni wangu. Kuni utanunua kwangu."

Fundi. Tangu kiwanda kiuzwe Lucy alikuwa hajamwita hivyo, na nilimwona Severini akigeuka kufuta macho, akisingizia moshi ambao wote ulikuwa kwangu.

Mgeni alipoondoka, Severini alikwenda bandani na bakuli la uji wa muhogo, akachuchumaa mbele ya mbuzi.

"Kula," akamwambia, "fundi mwenzangu."